Dola Moja ya Serikali, Moja ya Wanakijiji

Ruzuku ya kwanza kabisa ya Mfuko wa Taifa wa Insia wa Marekani ilikuwa dola 25,000. Ilitolewa mwaka 1966 kwa chama cha wasomi wa mafunjo, wale watu wachache wanaoweza kusoma vipande vya Kigiriki cha kale vilivyofukuliwa kwenye mchanga wa Misri, ili waendeshe mafunzo ya kiangazi katika Chuo Kikuu cha Yale. Ni vigumu kumfikiria mkulima wa Wyoming au mvuvi wa Maine aliyeona tofauti yoyote. Miaka 59 baadaye mfuko uleule ulipofuta ruzuku zake usiku mmoja, waliopiga kelele walikuwa wakutubi wa miji midogo, walimu wastaafu na wazee wanaotunza makumbusho ya wilaya zao. Fedha hizo zilitokaje kwa wasomi wa mafunjo zikafika mikononi mwa watu hao? Ni habari ndefu, na sehemu yake moja inapita Mombasa.

Insia, kwa maana inayotumika hapa, ni historia, lugha, fasihi, falsafa, dini, sheria na akiolojia. Sheria ya Marekani inazitaja moja moja, kama mtu anayeogopa kudhulumiwa kwenye mirathi.

Kabla ya mfuko huo kulikuwa na jaribio jingine, ambalo watu wake hawakuomba ruzuku, waliomba kibarua. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwaacha mamilioni ya Wamarekani bila kazi, wakiwamo waandishi wa magazeti yaliyofungwa, walimu, wakutubi na makarani ambao ujuzi wao ulikuwa kupiga taipu tu. Serikali ya Franklin Roosevelt ilikuwa ikiwalipa watu wachimbe mitaro na kujenga madaraja. Julai 1935 ikakubali kwamba mwandishi naye ana tumbo, ikaanzisha Mradi wa Waandishi chini ya Henry Alsberg. Ulipofikia kilele, mradi huo uliajiri watu zaidi ya 6,000. Kazi yao rasmi ilikuwa kuandika kitabu cha mwongozo cha kila jimbo kati ya majimbo 48 ya wakati ule: barabara, mito, asili ya miji, mila za wenyeji. Vitabu vikaandikwa. Lakini kilichobaki na uzito zaidi ni kazi iliyofanyika pembeni.

Kati ya 1936 na 1938 waandishi hao walitumwa katika majimbo 17 kuwatafuta Wamarekani Weusi waliozaliwa utumwani na ambao walikuwa bado hai. Wengi walikuwa wameshapita miaka 80. Yalipatikana masimulizi zaidi ya 2,300, yakapigwa taipu, na mwaka 1941 yakawekwa katika Maktaba ya Bunge. Ukiyasoma leo utakutana na jambo ambalo yeyote aliyewahi kutumwa kijijini na daftari analifahamu. Wazee wale walikuwa maskini wa kutupwa, na mgeni aliyepanda barazani na kalamu yake alikuja kwa jina la serikali. Wengi wakadhani ameleta habari za pensheni. Tena huko Kusini mgeni huyo mara nyingi alikuwa Mzungu, pengine wa ukoo uleule uliowahi kummiliki mzee anayehojiwa. Mzee wa watu atasema nini? Wako waliomsifu bwana wao wa zamani na kusema chakula kilikuwa tele. Pale mhojaji alipokuwa Mweusi, kama ilivyotokea mara kadhaa huko Florida na Virginia, mijeledi inatajwa waziwazi zaidi. Fedha ilikuwa ya mfuko mmoja na maswali yalikuwa yaleyale. Aliyebadilika ni muulizaji.

Mmoja wa waajiriwa wa Florida alikuwa Zora Neale Hurston. Alipoingia kwenye mradi mwaka 1938 alikuwa tayari ameshachapisha riwaya inayosomwa mpaka leo, lakini aliandikwa kwenye orodha ya watu wanaohitaji msaada na kulipwa kwa kiwango cha watu hao. Mwaka 1939 alitangulia kwenda kambi ya wagema utomvu wa misonobari huko Cross City, mahali ambapo wafanyakazi waliishi chini ya wasimamizi wakali, ili kuwatayarisha watu kwa kurekodiwa. Juni mwaka huo, mjini Jacksonville, mashine ya kurekodi ilipowashwa alikaa mbele yake mwenyewe akaimba nyimbo za wajenzi wa reli. Alipoulizwa alizijuaje, alieleza kwamba hukaa katikati ya watu wanapoimba, akaitikia nao mpaka wimbo umkae kichwani, kisha huwaimbia wenyewe ili wamsahihishe. Sijui chuo kinachofundisha njia bora kuliko hiyo.

Mradi haukuuawa na wasomaji. Kamati ya Bunge chini ya Martin Dies wa Texas ilidai kwamba umejaa wakomunisti, na mwaka 1939 serikali kuu ikajiondoa na kuyaachia majimbo mzigo. Vita vilipopamba moto, mwaka 1943, ukafungwa kabisa. Ikapita miaka zaidi ya 20 kabla serikali hiyo haijarudi kwenye kazi ya kulipia historia za watu wake.

Kilichoirudisha, kwa njia ya mzunguko, ni chombo cha Warusi. Sputnik iliporuka mwaka 1957, Wamarekani walishikwa na hofu na fedha zikamiminwa kwenye maabara. Wanafizikia wakajengewa, wanahistoria wakabaki wakihesabu chaki. Mwaka 1963 vyama vya wasomi viliunda tume chini ya Barnaby Keeney, rais wa Chuo Kikuu cha Brown, na mwaka uliofuata ripoti yake ikapendekeza mfuko wa taifa. Tarehe 29 Septemba 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyozaa pacha wawili, mfuko wa sanaa na mfuko wa insia. Keeney hakukaa sana kabla ya kupewa uenyekiti wa huo wa pili, jambo ambalo kwetu lingezua maneno.

Pacha hao walitofautiana kwa jambo moja ambalo mwanzoni halikushtua watu. Sheria iliutaka mfuko wa sanaa ugawe fungu kwa kila jimbo. Mfuko wa insia haukubanwa hivyo, nao ukaendelea kugawa fedha kwa watu uliowafahamu: maprofesa, vyuo, maktaba kubwa, wahariri wa matoleo ya waandishi waliokufa zamani.

Aliyekasirika ni Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Huyu hakuwa mtu wa watu kwa kuzaliwa. Alitoka katika ukoo wa kale wenye mali. Lakini alikuwa mmoja wa wazazi wa sheria ile ya 1965, na alikuwa mwanasiasa. Aliona kwamba sanaa ina kamati katika kila jimbo na kwa hiyo ina marafiki katika kila jimbo la uchaguzi, ilhali insia ina maprofesa tu. Akaanza kuusukuma mfuko, na hakuacha.

Mwaka 1971 mfuko ukakubali kujaribu katika majimbo sita. Huko Maine na Oklahoma kazi ilikabidhiwa mabaraza ya sanaa yaliyokuwapo. Georgia na Missouri zilitumia idara za vyuo vikuu zinazofundisha watu nje ya chuo, zile zilizozoea kumshauri mkulima kuhusu mbegu na mbolea. Oregon na Wyoming ziliundiwa kamati mpya kabisa za watu wa kujitolea, wasomi wakichanganyika na raia wa kawaida. Njia ya tatu ndiyo iliyoshinda, na katika miaka michache kila jimbo likawa na kamati ya namna hiyo. Si ofisi za serikali ya jimbo wala matawi ya mfuko. Ni asasi huru zisizo za faida, zenye bodi zao. Leo mabaraza hayo ni 56, ukijumlisha mji mkuu wa Washington na visiwa kama Puerto Rico, Guam na Samoa ya Marekani.

Mwanzoni kamba ilikuwa fupi. Kila mradi ulitakiwa uhusiane na suala la sera za umma, kwa hiyo mwanafalsafa alijikuta akiongoza mjadala wa matumizi ya ardhi. Mwaka 1976 Bunge liliyaacha mabaraza yachague mada zake. Mwaka huohuo Pell alimalizana na mwenyekiti wa mfuko, Ronald Berman, mtaalamu wa Shakespeare aliyeteuliwa na Rais Nixon, ambaye aliamini kwamba kazi ya mfuko ni kulinda ubora wa taaluma na kwamba ukitawanya fedha unatawanya ubora. Pell alimwona mtu wa mabwanyenye, naye akazuia asipate muhula wa pili. Berman hakukosea kila kitu: fedha ikimegwa vipande vidogo sana, vingine huishia kwenye chai na maandazi. Lakini katika ugomvi huo niko upande wa seneta.

Kinachonifanya niwe upande wake ni mashine ndogo iliyofichwa ndani ya sheria: mchango wa kulinganisha. Kwa kila dola ya serikali kuu, mradi ulitakiwa uonyeshe dola nyingine kutoka mahali pengine, na dola hiyo haikulazimika kuwa noti. Chukua chama cha historia cha mji mdogo kinachotaka kukusanya kumbukumbu za mgodi uliofungwa. Kwenye andiko lao upande mmoja wa jedwali unaonyesha fedha zinazoombwa: nauli ya msomi atakayekuja, vinasa sauti, uchapishaji wa vipeperushi. Upande wa pili unaonyesha wanachotoa wenyewe. Ukumbi wa kanisa kwa jioni kadhaa, ukikadiriwa kwa bei ambayo mpangaji angelipa. Saa za mwalimu mstaafu anayenakili kanda, zikizidishwa kwa kiwango cha malipo ya saa. Matangazo ambayo gazeti la wilaya limeyachapisha bure. Kahawa. Kila kitu kina karatasi yake iliyosainiwa, maana mkaguzi atakuja kuiulizia. Watanzania hawahitaji kufundishwa mtindo huu: wananchi wanafyatua matofali na kupandisha kuta za darasa mpaka kwenye lenta, kisha wanamngoja mwenye mabati.

Mtindo huo ulikuwa na madhara yake. Mji wenye wakili mstaafu anayejua kuandika andiko ulipata. Mtaa wa vibarua wasio na muda wa kukaa vikao ulikosa, hata kama hadithi zake zilikuwa nzito zaidi. Masharti yalitaka pia awepo msomi, naye wakati mwingine alifika, akahutubia juu ya vichwa vya watu na kuondoka na posho yake. Baadhi ya mabaraza yaliligundua tatizo hili mapema yakaanza kutoa ruzuku ndogondogo zenye fomu fupi. Mengine yalibuni programu zao wenyewe. Mwaka 1991 baraza la Louisiana lilianzisha jioni za familia kwenye maktaba: wazazi na watoto wanakuja pamoja, msimulizi anawasomea kitabu cha picha, halafu msomi anauliza maswali yasiyo na jibu moja, kwa mfano kama ni haki kuvunja ahadi ili kumwokoa rafiki. Wengi wa wazazi waliolengwa walikuwa hawajawahi kuwa na kadi ya maktaba. Programu ikaenea kwenye majimbo mengine.

Kuanzia mwaka 1994 taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ilishirikiana na mabaraza kupeleka maonyesho ya kusafiri kwenye miji midogo. Maonyesho hufika yamefungwa kwenye makreti makubwa yenye magurudumu, na wenyeji ndio wanaoyafungua na kuyaunganisha kwa kufuata kitabu cha maelekezo. Sharti lililobadilisha mambo ni kwamba mji uweke ya kwake pembeni: picha za babu zao, zana za kazi, sauti za wazee. Mara nyingi kreti zikishaondoka, hicho cha pembeni hubaki na kuwa mwanzo wa makumbusho.

Sasa tufike Mombasa. Profesa Ali Mazrui alizaliwa huko mwaka 1933, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa magazeti ya Sahifa na Al-Islah, ambaye aliandika kuhusu dini, siasa na maisha ya Waislamu wa pwani bila kumngoja mfadhili. Mwana alisomea Uingereza na Marekani, akafundisha Makerere kwa miaka kumi, na baada ya mambo kuharibika chini ya Idi Amin akahamia Chuo Kikuu cha Michigan. Katika miaka ya 1980 BBC na kituo cha WETA cha Washington walimpa nafasi ambayo hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata kabla yake kwenye televisheni zao: filamu ya sehemu tisa kuhusu Afrika, yeye akiwa mwandishi na msimulizi. Aliijenga juu ya hoja yake ya urithi wa aina tatu, yaani Afrika ya asili, Uislamu na Magharibi, vyote vikiishi katika nyumba moja bila kupatana. Ni hoja ambayo mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa angeweza kuifikia kwa kutazama tu nje ya dirisha lake. Mfuko wa Insia ulichangia takriban dola 600,000.

Filamu ilipokaribia kurushwa Marekani, Oktoba 1986, mfuko ulikuwa na mwenyekiti mpya, Lynne Cheney, aliyeshika kiti mwaka huohuo. Aliitazama, akasema ni shutuma ndefu dhidi ya nchi za Magharibi, inayowabebesha wao matatizo yote ya bara. Fedha zilikuwa zimeshatumika. Alichoweza kufanya ni mambo mawili: kukataa kutoa nyongeza ya kuitangaza, na kutaka jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya wafadhili. Jina likaondolewa. Filamu ikarushwa, na watetezi wake wakajibu kwamba huo ni mtazamo wa Mwafrika mmoja na ndivyo ulivyotambulishwa. Kwa Mazrui, kelele zile hazikuwa hasara tupu. Watu ambao wasingewasha televisheni waliwasha.

Nilitazama baadhi ya sehemu zake upya hivi karibuni. Zina makosa ya zama zake, na mahali pengine profesa anapenda mno mwangwi wa sentensi zake. Lakini si shutuma tupu. Viongozi wa Kiafrika wanapigwa humo vilevile. Kilichowaudhi wakubwa, nadhani, ni kwamba kwa mara ya kwanza aliyeshika kipaza sauti hakuwa mgeni anayeielezea Afrika, na waliolipa sehemu ya gharama ni walipa kodi wa Marekani. Mazrui alikufa Oktoba 2014 jimboni New York, na mwili wake ukarudishwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Ngome ya Yesu.

Cheney aliondoka kwenye mfuko mwaka 1993. Mwaka uliofuata alishambulia hadharani viwango vipya vya ufundishaji wa historia mashuleni, ingawa ruzuku ya kuviandaa ilitolewa yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti, na Januari 1995 alikwenda mbele ya Bunge kushauri mfuko wote ufutwe. Warepublikani wa Newt Gingrich walikuwa wametwaa Bunge na kisu kilikuwa kimenolewa. Bajeti ilishuka kutoka dola milioni 172 hadi milioni 110 kwa mwaka wa fedha wa 1996. Utafiti wa vyuoni ulikatwa sana. Mabaraza ya majimbo yaliumia kidogo kuliko wengine, na hapo hesabu ya Pell ikaonekana: mbunge wa Kansas aliyepigiwa simu na mkutubi wa mji wake alikuwa na sababu ya kusita ambayo profesa wa Yale asingeweza kumpa.

Hesabu hiyo iliyalinda mabaraza kwa miaka mingine karibu 30. Bajeti ikapanda polepole mpaka dola milioni 207 mwaka 2024. Mwaka wa kwanza wa Donald Trump madarakani alipendekeza kuufuta mfuko. Bunge likamkatalia, mwaka baada ya mwaka, na wabunge wa chama chake wakiwamo.

Aliporudi mwaka 2025 hakupitia Bungeni. Machi, mwenyekiti Shelly Lowe, Mnavajo na mtu wa kwanza wa asili ya Wahindi Wekundu kushika kiti hicho, aliondolewa. Usiku wa tarehe 2 Aprili barua zikaanza kuingia kwenye barua pepe za wakurugenzi wa mabaraza na wenye miradi, zikitumwa kutoka anwani isiyo ya serikali kiasi kwamba baadhi walidhani ni utapeli. Zilisema ruzuku imesitishwa tangu siku hiyo. Ruzuku zaidi ya 1,400 zilifutwa hivyo. Kwa mabaraza, fedha hizo zilikuwa mhimili wa bajeti. Kwa baadhi yao, hasa ya visiwani na ya majimbo yenye watu wachache, karibu bajeti yote.

Kabla ya mwezi kwisha mfuko ulitangaza matumizi mapya: sanamu za mashujaa wa Marekani kwa ajili ya bustani ambayo Trump alikuwa ameiota tangu muhula wake wa kwanza, na mchongaji angeweza kupewa hadi dola 200,000 kwa sanamu moja. Siku chache baadaye taasisi binafsi ya Mellon ikatoa dola milioni 15 za dharura kuyaokoa mabaraza. Kila baraza likapata papo hapo dola 200,000, bei ya sanamu moja.

Mwezi Mei shirikisho la mabaraza, pamoja na baraza la Oregon, mojawapo ya yale sita ya mwaka 1971, walifungua kesi. Tarehe 6 Agosti Jaji Michael Simon alizuia kwa muda usitishaji ule, akiona kwamba wadai wana nafasi nzuri ya kuthibitisha kuwa serikali imevuka mpaka wake, kwa kuwa fedha hizo zilitengwa na Bunge na Bunge ndilo lililosema ziende majimboni. Kufikia siku hiyo mabaraza kadhaa yalikuwa yameshapunguza wafanyakazi, yamefuta ruzuku ndogo zilizokwisha kuahidiwa, na yanawaandikia wenye kumbi za makanisa kuwaambia wasiwawekee tena nafasi.